Dawa ya Bwana Subiri

Kila asubuhi, hata kabla ya chai, nyumba ile iliamshwa na sauti mbili: kwanza kengele ya simu ya Chiriku, halafu mguno wa mama yake. Mguno ulitoka chumba cha mbele, ambako mama aliwasha kompyuta yake kuukuu, akakaa na kushika tama, akiitazama duara ndogo inayozunguka katikati ya kioo. Chini ya duara palikuwa na maneno mawili ambayo nyumba nzima ilikuwa imeyachoka: "Tafadhali subiri."

Mama alikuwa fundi wa kudarizi. Alitia nembo za shule kwenye sweta, majina ya wauguzi kwenye makoti yao meupe, na maua kwenye pembe za mashuka. Zamani alifanya yote kwa mkono. Macho yalipoanza kumgomea alinunua mashine ya kudarizi inayotumia kompyuta. Mchoro huchorwa kwanza kwenye kompyuta kwa programu maalumu, kisha hupelekwa kwenye mashine, nayo hushona yenyewe. Kazi ilikwenda vizuri mpaka kampuni yenye programu ile ilipoanza kuleta matoleo mapya. Kila toleo lilikuja na ahadi tamu na kuondoka na kitu. Leo kitufe kimehamishwa, kesho rangi hazionekani, na tangu toleo la mwisho programu ilikuwa ikiganda ovyo. Mama aliibandika jina la Bwana Subiri.

"Bwana Subiri ameamka," alikuwa akisema, "lakini hajanawa uso."

Aliyeitwa kumwamsha Bwana Subiri ni Chiriku, msichana wa miaka kumi na mitatu, mtoto wa pekee. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu ya mdomo wake, uliokuwa haupumziki ila akilala. Mwanzoni aliitikia mbio. Siku zilivyokwenda, alianza kuitikia kwa kuburuta miguu. Kusema kweli, wote wawili walikuwa wamechoka, na uchovu ukikaa sana ndani ya nyumba huanza kujibu watu badala yao.

Chiriku alikuwa na kimbilio lake. Mtandaoni palikuwa na jukwaa la watumiaji wa programu ile, mafundi wa mbali na wa karibu. Wengine walikuja kuuliza, lakini wengi walikuja kutoa ya moyoni. Mmoja aliandika kwamba aliiwasha programu mwanawe akiwa anatambaa, na sasa mtoto yuko darasa la pili na duara bado inazunguka. Mwingine alisema kampuni ile ipewe nishani kwa kuwafundisha watu subira bila ada. Chiriku alisoma akicheka peke yake, akasahau uchovu. Baadaye alijiandikisha, akajiita Daktari wa Mashine. Mama alijua kwamba jukwaa lipo. Hakujua kwamba binti yake ana jina kule.

Jukwaa lilikuwa na desturi yake. Anayependezwa na jibu huliwekea kidole gumba, na jibu lenye vidole vingi hupanda juu ya mengine yote. Jibu likisaidia, linapewa kidole. Jibu likichekesha, linapewa kidole kile kile.

Siku moja fundi mmoja aliuliza: "Programu imeganda kwenye 'Tafadhali subiri'. Nifanyeje?" Chiriku akajibu kwa uso mkavu, kama daktari kweli:

"Dawa ni ndogo. Fungua folda ya Michoro. Futa vyote vilivyomo. Safisha na pipa la taka. Zima kompyuta, kisha iwashe tena. Ukimaliza hutasumbuliwa tena na 'Tafadhali subiri', kwa sababu hutakuwa na lolote la kusubiri."

Watu walivunjika mbavu. Vidole vilimiminika, na jibu likapanda mpaka juu kabisa. Shuleni Chiriku alimsimulia rafiki yake wa dawati moja, wakacheka hadi mwalimu akawatoa nje. Mtu mmoja tu hakucheka. Alijiita Babu Sindano, na jukwaa zima lilimjua kwa manung'uniko. Aliandika: "Hili si la kuchezea. Ipo siku mtu atalifuata." Chiriku akamjibu: "Babu, nenda kalale, usije ukajichoma na sindano yako." Hapo napo akapata vidole.

Ijumaa moja asubuhi mguno wa mama ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Sweta za shule mpya zilikuwa zimejaa mezani, zimekunjwa vizuri, na vifua vyake havina kitu. Zilitakiwa Jumatatu. Mama alikuwa ameichora nembo wiki nzima, kitabu kilichofunguliwa na taa juu yake, na ilibaki kuipeleka kwenye mashine tu.

"Mwanangu, hebu njoo. Kameganda tena."

Chiriku alikuwa amevaa kiatu kimoja. "Mama nawe! Kila siku mimi? Nitachelewa."

"Dakika moja tu, mwanangu."

"Dakika moja yako naijua. Mama, si uingie kule jukwaani? Andika shida yako, majibu yatakuja. Lile la juu kabisa, lenye vidole vingi, ndilo zuri. Hata mtoto mdogo anaweza."

Mama alimtazama kidogo. "Haya," alisema. "Nenda shule. Nisikuchoshe."

Chiriku alivaa kiatu cha pili, akatoka.

Aliporudi jioni, alipita chumba cha mbele bila kusimama. "Shikamoo mama," alisema, na kabla marahaba haijamfikia alikuwa ameshaingia jikoni, akalikuta lundo la vyombo.

"Leo nimejitibu mwenyewe!" mama aliita kwa furaha iliyochoka. "Nimeingia jukwaani, nikakuta mwenzangu ameshauliza shida hii hii, nikafuata jibu la juu kama ulivyoniambia. Programu imefunguka mara moja. Ila michoro siioni. Labda inakuja polepole?"

Sahani ilimponyoka Chiriku, ikatumbukia kwenye maji. Alikausha mikono, akaenda mlangoni. Kwenye kioo cha kompyuta aliliona jukwaa, na juu kabisa ya majibu yote akaliona jina lake.

"Mama, ume... umesoma lote?"

"Nimesoma hatua zote. Maneno ya mwisho sikuyamaliza, macho yalikuwa yananiuma. Mbona? Huyu Daktari wa Mashine unamfahamu? Watu wengi hivi wamemshukuru, lazima awe mtaalamu."

Chiriku alijua kilichofutwa. Sio nembo ya shule mpya tu. Folda ile ilikuwa na nembo zote, maua yote, majina yote, kila kitu ambacho mama alichora tangu mashine iingie nyumbani.

"Simfahamu," alisema.

Alirudi jikoni. Alisugua sufuria moja mpaka ikang'aa, akaendelea kuisugua. Kutoka chumba cha mbele alisikia mama akiandika kwa kidole kimoja: ta, kisha kimya, kisha ta. Baada ya muda simu ikatetemeka mfukoni mwake. Ilikuwa simu ya zamani ya mama, yenye kioo kilichopasuka. Daktari wa Mashine alikuwa amepata ujumbe wa mgeni asiyejiandikisha.

"Shikamoo Daktari. Samahani kwa kukusumbua na kazi zako nyingi. Mimi ni fundi wa kudarizi. Nimefuata dawa yako hatua kwa hatua, programu imefunguka, nashukuru sana. Ila michoro yangu siioni. Huenda nimekosea mimi, mambo ya kompyuta sikuyasomea. Naomba unielekeze taratibu. Mungu akubariki."

Chiriku aliusoma akiwa amesimama, povu likimchuruzika kwenye kiwiko. Tangu aanze kusema, shikamoo ilikuwa ikitoka kwake kwenda kwa mama, na marahaba ikirudi kutoka kwa mama kuja kwake. Leo mama yake mzazi alikuwa amemwamkia yeye. Amemwamkia, amemshukuru, na kosa amejitwika mwenyewe.

Daktari angeweza kujibu. Chiriku alianza kuandika, "Pole, tatizo ni kompyuta yako", kisha akaona aibu hata mbele ya sufuria. Aliyafuta maneno yale, akaenda chumba cha mbele na simu mkononi, akaiweka mezani juu ya sweta.

"Mama, usiniamkie," alisema. "Daktari ni mimi. Ilikuwa ni mzaha. Haikuwa dawa."

Mama aliisoma simu. Akaisoma kompyuta, safari hii mpaka neno la mwisho. "Hutakuwa na lolote la kusubiri," alirudia taratibu. Alivua miwani, akajikanda macho kwa vidole viwili. Chiriku alingoja kofi, au kelele.

"Ningekuwa na nguvu ningekuchapa," mama alisema mwishoni. "Kaa chini. Kitu cha kwanza, lifute hilo jibu."

"Si tutafute michoro kwanza?"

"Lifute kwanza. Mimi nimeshakunywa sumu. Yuko mwenzangu mahali fulani sasa hivi, amechoka kama mimi, kikombe kiko mdomoni. Mpokonye."

Chiriku alilifuta jibu, na vidole vyake vyote vikaenda nalo. Kisha, mama akiwa ameketi kando yake, aliandika pasipo utani: "Jibu langu lilikuwa mzaha. Asilifuate mtu. Mama yangu amelifuata na michoro yake yote imepotea. Tafadhali, mwenye kujua namna ya kuirudisha atusaidie."

Majibu ya mwanzo yalikuwa kama yale aliyokuwa akiyapenda. "Daktari ameugua!" aliandika mmoja. "Mpelekeni kwa daktari mwingine," akadakia wa pili. Walicheka, na vidole vikawafuata. Chiriku alisoma kila moja, na hakuona palipochekesha. Alikuwa akitafuta jina moja tu, na alipoona halijajitokeza, alimwandikia mwenyewe.

"Shikamoo Babu Sindano. Ulinionya, nikakutukana. Naomba unisamehe, na kama unajua dawa ya kweli, naomba utusaidie."

Walisubiri. Safari hii hapakuwa na duara inayozunguka, palikuwa na mama na mwana tu, na rundo la sweta katikati yao.

"Marahaba," jibu lilikuja. "Nimekusamehe. Sasa sikiliza. Mama asihifadhi kitu kingine chochote kwenye kompyuta hiyo. Ile kampuni naitukana kila siku, lakini jambo moja walilifanya sawasawa. Kila Jumapili programu hujitengenezea nakala ya michoro yote na kuificha. Nitakuonyesha ilipo, hatua kwa hatua. Kila hatua ukimaliza, niambie umeona nini, ndipo nikupe nyingine. Nami niliwahi kupoteza kazi zangu, na siku hiyo wote niliowauliza walikuwa wanachekesha."

Wakaenda hivyo, hatua baada ya hatua. Folda iliyofichwa ilifunguka, na michoro ikaanza kujitokeza: nembo, ua, jina, nembo. Mama alishika mdomo. Iliyokosekana ni nembo ya shule mpya peke yake, maana ilichorwa baada ya Jumapili, na nakala haikuwa nayo.

"Kazi ya wiki nzima," alisema Chiriku.

"Na sasa ni ya siku mbili, kwa sababu nina msaidizi," mama alijibu. "Msaidizi ambaye Jumamosi na Jumapili hatoki nje."

Siku zile mbili Chiriku alikaa kwenye kompyuta na mama akasimama nyuma yake akimwelekeza: mstari huu uinue, ukurasa wa kitabu uupinde kidogo, mwali wa taa usiwe mnene. Programu iliganda mara kadhaa. Wakaitukana pamoja, wakacheka pamoja, wakasubiri. Jumapili jioni mashine ilianza kushona, na Jumatatu sweta zikaondoka zikiwa na vifua vilivyopambwa.

Wiki iliyofuata Chiriku alirudi kutoka shule, akasimama mbele ya mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliingoja, akaipokea, ndipo akaweka mkoba chini. Kwenye kompyuta mama alikuwa amefungua jukwaa. Fundi mmoja mgeni alikuwa ameuliza kuhusu michoro iliyopotea, na Chiriku alikuwa amemjibu usiku uliopita, hatua kwa hatua kama alivyofundishwa, bila kichekesho hata kimoja.

"Jibu lako nimelisoma mpaka mwisho," alisema mama.

"Halina vidole, mama. Viwili tu."

"Kulalamika sikukatazi. Kampuni ikituuzia mateso tuseme, na tukitaka kucheka tucheke, maana bila kicheko tungekuwa tumeshaivunja hii kompyuta kwa nyundo. Lakini mzaha mzaha hutunga usaha. Anayecheka nawe mchekeshe. Anayeuliza dawa ana kidonda, na wewe huko uliko hukioni. Mjibu kana kwamba ni mama yako."

Chiriku aliinamisha kichwa. Kisha, kwa kuwa chiriku ni chiriku, akauliza, "Hivyo vidole viwili ni vya nani?"

"Kimoja ni cha Babu Sindano."

"Na cha pili?"

Mama alivaa miwani na kuvuta sweta nyingine. "Nimejiandikisha jana," alisema. "Hebu njoo uniamshie huyu Bwana Subiri, kameganda tena."

Chiriku alikwenda mbio.