Kambare wa Mama Mihayo

Jamani wenzangu wa Masumbwe, acheni kelele kidogo mnisikilize.

Mwaka ule mvua zilikuwa njema. Lambo lililo nyuma ya nyumba ya Apolonia lilijaa, mpunga ukachanua, naye alikuwa na mimba ya kwanza. Mumewe, Stanslaus, alikuwa mchimba dhahabu. Alileta mchanga nyumbani, akaukoroga kwenye karai pamoja na zebaki, ile dawa nzito ing'aayo inayonasa dhahabu. Masalia aliyamwaga lamboni.

“Baba, si tunavua humo?” Apolonia alimuuliza mumewe.

“Aa! Maji yote haya? Itapotelea humo humo.”

Msidhani hakumpenda mkewe. Alimpenda sana! Kila alipovua kambare, yule mkubwa kuliko wote alimwekea yeye, pamoja na kichwa na mafuta yake. Kwao, mwenye mimba hapewi kidagaa. Apolonia alikula, akashukuru.

Mtoto akaitwa Mihayo, yaani maneno kwa Kisukuma. Masikini, hakutoa hata neno moja! Wenzake walipokuwa wakikimbia, yeye alikaa kwa kuegemezwa, na akiitwa hageuki. Wanawake wakaanza kuukwepa ua ule. Euphrasia, jirani aliyezoea kusukana nywele na Apolonia, alisema waziwazi, “Nyumba ile ina mkosi. Mimi nina mimba, sikanyagi pale.”

Mume yuko machimboni, mtoto haitiki. Apolonia alifikia kuzungumza na kuku, apate tu kusikia sauti ya mtu, hata kama ni yake mwenyewe. Upweke ule ulimuuma mno.

Alimpeleka mtoto hospitali ya misheni. Daktari aliuliza habari za chakula, kisha akamweleza: zebaki haipotei. Inakaa kwenye tope, wadudu wanaila, perege wanakula wadudu, kambare anakula perege, na sumu inazidi kurundikana. Kambare mkubwa ndiye mwenye nyingi. Mama anaweza asiumwe, lakini mtoto tumboni akaharibika.

Stanslaus aliposikia alilia, akaacha kuosha dhahabu pale. Lakini lambo lilikuwa limekwisha kuharibika.

Siku ile ile aliyotoka hospitali, Apolonia alimkuta Euphrasia ukingoni mwa lambo, amebeba kambare mnene.

“Mayu, mama wee, usimle huyo! Ana sumu, ataharibu mtoto!”

Euphrasia akaangua kicheko. “Mchoyo wewe! Mmekula wenyewe mkashiba, leo wamekuwa sumu?” Akaenda kumpika.

Mvua za mwaka mwingine zilipokwisha, Euphrasia aliingia uani kwa Apolonia, mtoto mgongoni.

“Mama Mihayo,” alisema, “namwita hageuki.”

Apolonia alikuwa ametamani mgeni siku zote hizo, lakini si kwa namna hii. Alimpokea mtoto, akampakata pamoja na wake, wakakaa mkekani wakilia.

FUNZO

Ndugu zangu, sumu unayoimwaga majini haipotei. Samaki wanaila, na wewe unawapakulia uwapendao. Osheni dhahabu mbali na maji ya watu, na mwenye mimba asipewe samaki wa maji hayo, hasa yule mkubwa. Tena, mwenzenu akipatwa na msiba msimkimbie. Kama Euphrasia angeendelea kuingia katika ua ule, angeliamini onyo la Apolonia.