Jina Chini ya Bakuli

Bakuli lilikuwa la Vernice. Hilo hakulitilia shaka hata chembe, maana alilinunua mwenyewe, akapikia humo viazi vitamu mwenyewe, na Jumapili asubuhi, kabla ya kulipeleka kwenye karamu ya kanisa, alibandika kipande cha plasta nyeupe chini yake akaandika V. Tarver kwa kalamu nyeusi. Kijijini Hatchet Bend kila mwanamke hufanya hivyo. Siku ya msiba au ya karamu mabakuli huchanganyika, na lisilo na jina huishia kuzeeka kwenye kabati la mtu mwingine. Sasa ilikuwa Jumatatu mchana, Vernice amelipindua bakuli ili alisugue, na chini yake plasta ilikuwa ileile, lakini iliandikwa Ozella Tarver.

"Wanawake wa kanisa hili hawana haya," alisema peke yake.

Alidhani ni kijembe. Tena kijembe alichokitafuta mwenyewe, tuseme ukweli, kwa jambo alilolifanya jana yake mbele ya kanisa zima.

Ozella alikuwa mke wa kwanza wa Cephus Tarver. Figo zilimuua mwezi wa Septemba. Juni iliyofuata Cephus akamwoa Vernice, karani wa kanisa, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyekuwa hajawahi kuitwa mke wa mtu. Watu walisema, na hadi leo wanasema. Maneno ya walio hai hayakumsumbua Vernice. Aliyemkwama kooni ni yule marehemu. Cephus alimwita Zella tu. Pazia, Zella alilifunga hivi. Kahawa, Zella aliichemsha vile. Cephus hakuyasema kwa ubaya. Alikuwa mtu mpole, na jina lile lilimtoka kama mtu anavyokohoa.

Kila Jumapili ya pili ya Agosti, watoto wa Hatchet Bend waliotawanyika hadi Detroit na Chicago hurudi nyumbani. Siku hiyo karani husimama mbele na kusoma majina ya waliofariki tangu Agosti iliyopita. Kila jina hugongewa kengele mara moja, na ndugu wa marehemu huinuka na ua jeupe, akalitia kwenye chombo kilicho chini ya mimbari. Mwaka huo majina yalikuwa saba. Vernice alisoma sita.

Alijiambia kwamba alisahau. Uongo mtupu. Aliufikia mstari wa tano, akaliona lile jina aliloliandika kwa mkono wake mwenyewe, akameza mate na kurukia la sita. Cephus alikuwa ameshainuka nusu, ua mkononi. Akakaa tena taratibu. Kwaya ilipoanza kuimba bado alikuwa amelishika lile ua juu ya magoti, na walipofika nyumbani alilitia kwenye glasi ya maji juu ya meza ya jikoni.

"Najua umesahau," alimwambia mkewe. "Joto lilikuwa kali."

Upole ule ulimuuma Vernice kuliko kama angetukanwa.

Basi Jumatatu ile aliibandua plasta, akabandika nyingine na kuandika jina lake. Jumanne akakuta Ozella Tarver. Jumatano akatoa vyombo vyote kabatini, mabakuli, sinia, hadi kikaango cha chuma alichoachiwa na mama yake, akavipanga sakafuni vikiwa vimefudikizwa, na chini ya kila kimoja palikuwa na plasta nyeupe na jina lilelile, kwa mwandiko wa duara ambao Vernice aliufahamu kwa miaka ishirini ya kupokea ripoti za umoja wa wanawake. Lile ua mezani lilikuwa wima, bichi, kana kwamba limechumwa asubuhi hiyo. Wakati huo joto la nje lilikuwa linayeyusha lami.

Alhamisi ulikuwa mkate wa mahindi. Kwa kina Vernice, mkate wa mahindi hautiwi sukari. "Ukitaka keki nenda kwenye harusi," mama yake alikuwa akisema. Ozella aliutia sukari, na habari hiyo Vernice alikuwa ameshaisikia mara nyingi kuliko sala. Alipika wa kwao kama kawaida, akamkatia Cephus kipande. Cephus akatafuna, akaacha, na machozi yakamlengalenga.

"Vernice. Leo umenitendea."

"Nimekutendea nini?"

"Sukari. Hujui nilivyoutamani."

"Sikutia sukari, Cephus."

"Haya, ficha siri yako," akacheka, akamshika mkono. Alikula vipande vinne. Kisha wakakaa barazani mpaka jua likazama, mkono wake juu ya wa mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi. Vernice alifurahi sana, na papo hapo akauonea wivu mkono wake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hakika ni mkono wa nani ulioshikwa.

Ijumaa saa nane mchana, Cephus akiwa shambani na nyumba imetulia tuli, Vernice alikuwa amesimama jikoni akimenya kunde alipoinasa harufu ya vanila, na nyuma ya vanila harufu ya kafuri, ile waliyomkandia Ozella miezi yake ya mwisho, kisha akasikia ndara zikiburuzwa kutoka chumbani, shwa, shwa, bila haraka, za mtu anayeijua sakafu na kuuruka ubao unaolia, zikapita ukumbini, zikaingia jikoni, zikasimama nyuma yake karibu kabisa hata nywele za kisogoni zikamsisimka, na hapo ndipo wimbo ukaanza, wimbo wa kuvuma mdomo ukiwa umefungwa, mtamu, wa polepole, na Vernice akasikiliza kwa hofu huku akitaka kugeuka na asiweze, mpaka alipoweka vidole shingoni na kugundua kwamba wimbo ule, ambao hakuwahi kuujua, ulikuwa unatoka kwenye koo lake.

Aliziacha kunde zimemwagika na kukimbilia kwa Shangazi Dovie.

Shangazi Dovie aliishi nyuma ya kiwanda cha pamba kilichofungwa. Kila mtu alimwendea kwa mambo kama haya, na kila mtu alikana. Alikuwa akitazama mieleka kwenye televisheni.

"Umemruka," alisema kabla Vernice hajakaa.

"Nilisahau, Shangazi."

"Nilikuwa benchi la pili, mwanangu. Aliyesahau hakodolei macho karatasi halafu akameza mate."

Vernice akashusha sauti. "Amekuja. Yumo ndani. Amekasirika."

"Angekasirika angevunja vyombo. Amevunja?"

"Hapana."

"Basi ana wivu. Mwenye wivu havunji kitu. Anataka kukaa pale ulipokaa wewe." Mwanamke mzee akapunguza sauti ya televisheni. "Mtu akifa tunamwita mara moja, tunamgongea kengele, anajua ameagwa, anakwenda. Yule hakuagwa. Jumapili hii simama palepale, kinywa kilichomruka kimwite. Lakini sikia vizuri. Kengele ile haigongwi bure. Ukifungua mdomo ukammeza mara ya pili, jina litakalotoka ni lako, na atakayekwenda ni wewe."

Vernice akauliza, kwa sauti ya kuibia, "Akienda, mkate utakuwaje?"

"Utarudi kuwa wako. Mkavu, kama wa mama yako, Mungu amrehemu."

"Na Cephus?"

Shangazi Dovie akaongeza sauti ya mieleka.

Jumamosi Vernice aliuvuma ule wimbo tena bila kutaka, akiwa anaosha vyombo. Cephus alikuja nyuma yake, akaegemeza kidevu begani kwake. "Endelea," alinong'ona. "Usiache." Na yeye, Mungu amsamehe, hakuacha.

Jumapili Mchungaji alitangaza kwamba Dada Vernice ana jambo la kusahihisha. Kaka Hosea, mgonga kengele, ambaye masikio yake yalikuwa yamestaafu siku nyingi, akashika kamba na kumkazia macho aone midomo ikitikisika. Mapepeo ya mkononi yalikuwa yakipunga kanisa zima. Cephus alikaa benchi la mbele na lile ua, bado bichi.

Vernice akakunjua karatasi. Jina lilikuwa moja tu. Alikuwa amekwisha kuamua, kweli kabisa alikuwa ameamua. Lakini akainua macho akamwona Cephus anavyomtazama, uso umemchangamka kwa ajili yake, na akajua kwamba akilisoma lile jina macho yale yangeondoka pamoja na mwenye jina, na yeye angerudi kuwa karani aliyeolewa ili nyumba isikae bila mtu. Wiki moja tu, alijisemea. Anipe wiki moja tu zaidi. Akameza mate.

Harufu ya vanila ikamjaa kooni. Midomo yake ikafunguka yenyewe, na sauti nzito, yenye joto, isiyo yake, ikasema waziwazi mpaka viti vya nyuma:

"Vernice Tarver."

Kaka Hosea akaivuta kamba. Kengele ikalia mara moja.

Watu waliangua kicheko. "Jamani Dada Vernice, mbona bado tuko nawe!" mtu akapaza sauti, na Mchungaji mwenyewe akajifuta machozi ya kucheka. Cephus hakucheka. Aliinuka, akatembea hadi mbele, akalitia ua kwenye chombo, na lilipogusa maji likanyauka, likawa kahawia lote. Akamsogelea mkewe.

"Karibu nyumbani, Zella," alisema polepole.

Ni mimi, Cephus, Vernice alipiga kelele, ni mimi, Vernice wako. Hakuna aliyegeuka. Alikuwa amesimama kando ya mimbari bila kivuli, akiusikiliza mdomo wake ukijibu, "Asante, Ceph. Nimechoka kusimama."

Aliwafuata nyumbani kwa miguu isiyogusa vumbi. Jumatatu mchana jikoni kulinukia mkate mtamu. Mwanamke mwenye uso wa Vernice alikuwa akiosha lile bakuli la viazi, akalifudikiza likauke, na jina la Ozella chini yake lilikuwa limetulia. Vernice akapeleka kucha kwenye ncha ya plasta. Akakwaruza, akakwaruza tena. Vidole havikushika kitu.

Yule mwanamke wala hakugeuka. Aliendelea kusuuza kijiko, akavuma ubeti mmoja wa wimbo wake, kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma:

"Nenda zako, mke mwenza. Wewe umeshagongewa kengele."