Kufuli Jekundu la Cologne

"Luhaga, inua simu! Naona viatu vyako tu."

"Subiri, mpenzi. Kanisa lenyewe haliingii kwenye kioo."

Nyamizi aliacha cherehani, akaiegemeza simu kwenye jagi la maji. Mchumba wake alikuwa Ujerumani kwa mafunzo ya kilimo cha pamba. Wamepewa mapumziko ya siku mbili, naye tangu asubuhi anamtembeza mji mkongwe wa Cologne kwa video. Ng'ombe wa mahari walishafika, harusi ni Septemba, na hapa Bariadi bibi harusi anajishonea gauni mwenyewe, hana habari na mtu.

"Limejengwa zaidi ya miaka mia sita hili," Luhaga alisema.

"Mafundi wao nao walikuwa wanakimbia na simenti?"

Wakacheka. Minza, mama yake Nyamizi, alikuwa pembeni akichambua mlenda, kajitanda kanga mpaka usoni. Mkwe hatazamwi, hata kwenye simu.

"Mwangaluka, mayo!" Luhaga alimsalimia mama mkwe kwa Kisukuma.

"Mwambie mwangaluka," Minza alimwagiza binti yake.

"Sasa Nyamizi, ona nilichokufanyia."

Akaingia darajani. Ukingo mzima ulikuwa umefunikwa na makufuli, maelfu kwa maelfu. Akachutama, akaonesha moja jekundu lililochongwa NYAMIZI.

"Wapenzi wa huku ndiyo desturi yao. Unafunga, ufunguo unatupa mtoni. Hatuachani tena!"

Akaurusha. Laiti angeuliza kwanza. Kuuliza si ujinga.

Bakuli la mlenda lilimwagika lote.

"Mwanangu kafungwa!" Minza alipiga kelele. "Jina lake, kufuli, maji! Kafungwa kama Nyanjige!"

Nyanjige ni dada yake Nyamizi. Miaka tisa kwenye ndoa, hajashika hata mimba. Mganga mmoja alisema jina lake limefungiwa kwenye kufuli na kutupwa mtoni. Kiangazi kile familia nzima ilichimba mchanga wa mto Simiyu kwa majembe, wakaambulia mifupa ya samaki.

"Mayo, huu ni mchezo wa wapenzi tu!" Luhaga alijitetea.

"Mwambie mchezo huo naujua. Umemmaliza binti yangu mmoja."

Kesho yake saa kumi jioni iliingia picha ya kufuli jekundu lililokatika vipande viwili, na ujumbe:

*Nimenunua mkasi wa kukatia chuma. Nimetafuta kwa saa tatu mpaka nikalipata. Mwoneshe mama.*

Minza aliisogeza simu karibu na macho.

"Kukata si kufungua. Ufunguo uko wapi?"

"Mama, mto wenyewe ni mkubwa kuliko..."

"Basi. Baba yako kasema ng'ombe warudi Mwamapalala kwa wenyewe. Sitazika tumbo la pili nikiwa hai."

Simu iliita. Nyamizi akatoka nayo uani.

"Wamesema nini?" Luhaga aliuliza.

"Ng'ombe wanarudishwa."

"Sawa. Hao ni wazee, siwalaumu. Nataka kukusikia wewe. Unaamini nimekufunga?"

Alikuwa na neno moja tu la kusema, na alilijua. Alimpenda Luhaga, hilo halina ubishi. Lakini alimkumbuka Nyanjige akilia chooni kila mwezi.

"Nyamizi?"

Akageuka kuwatazama ng'ombe zizini.

"Ukisema hapana, nakata tiketi leo. Naja kupiga magoti mbele ya baba yako mwenyewe. Unaamini?"

"Luhaga... mimi... tusubiri kidogo, tuone."

"Tuone nini? Kama tumbo lako litafunguka?"

Nyamizi alimsikia anavuta pumzi, halafu simu ikakatika.

Jumamosi ng'ombe walitolewa zizini. Masunga, baba yake, aliwaswaga mwenyewe, bila kumtazama binti yake. Vumbi lilipotulia barabarani ndipo akili ya Nyamizi ikamrudia. Akaandika:

*Siamini. Nakuapia sijawahi kuamini. Njoo, tutatoroka hata bila mahari.*

Tiki mbili za bluu. Akasubiri mpaka macho yakamuuma.

*Juzi nilikuuliza mara mbili, Nyamizi. Naweza kuishi na mama mkwe anayeniona mchawi. Mke, siwezi.*

Alipopiga, alikuta ameshazuiwa.