Kumbaro wa Jumapili ya Kura

Walikutana kila mmoja ameng'ang'ania upande wake wa sinia moja la kahawa ya barafu, katika mkahawa wa Bi Tasoula, nyuma ya Bunge, jijini Athens. Watu walikuwa wanasukumana hadi mlangoni.

"Niachie, kaka. Bosi ananisubiri."

"Wangu je, anacheza?" Fotis alimtazama: gauni la kijani, raba chafu, macho ya mtu asiyelala. "Wewe si wa Kalamaras? Nyie mnakunywa bila sukari. Ndiyo maana mna hasira."

Argyro alicheka bila kupenda. Alikuwa anamwandikia hotuba Kalamaras, kiongozi wa chama kikubwa. Fotis alikuwa msaidizi wa Bi Vrettou, kiongozi wa chama kidogo. Bi Tasoula aliwaandalia sinia la pili, na alipoona bado wanatazamana akasema, "Mkioana mnialike."

Mwaka uliofuata wakapanga kuoana Jumapili moja ya Juni, jioni, katika kanisa dogo la mtaa wa Kypseli. Kalamaras alipopata habari alimkumbatia Argyro mbele ya ofisi nzima. "Kumbaro ni mimi! Mataji ya harusi nitawavisha mimi." Argyro akakubali papo hapo. Kwao mkubwa akijitolea kuwa kumbaro, yaani msimamizi wa harusi, hakataliwi. Anakuwa ndugu wa nyumba, na nyumba nzima inakuwa kura yake.

"Ungeniuliza kwanza," Fotis alisema kwenye simu.

"Ni heshima, roho yangu."

"Ni mtego, roho yangu. Anamtaka Vrettou kanisani, wapigwe picha pamoja."

Mwezi Mei serikali ikaanguka, na Rais akampa Kalamaras siku tatu za kutafuta mwenzake wa kuunda nyingine. Siku zote hizo alimwita Vrettou, akamnywesha kahawa, akatoka naye mlangoni akitabasamia kamera. Sisi wa kazi hii ya siasa mchezo huo tunaujua na umetuchosha: mkono mmoja unaposa, mwingine unachapisha mabango ya kampeni. Mwishowe alimrudishia Rais kibali cha kuunda serikali, akatangaza kwamba Vrettou ndiye aliyekimbia. Viongozi waliopewa zamu baada yake walirudisha bila hata kujaribu, na uchaguzi ukaitishwa mapema.

Tarehe iliangukia Jumapili ya harusi.

Fotis aliisikia kwenye televisheni ya mkahawani. Akapiga simu.

"Ulijua."

"Sikujua! Naapa kwa mama yangu."

"Hotuba umeandika wewe, Argyro. Maneno yako nayajua."

"Hotuba ndiyo. Tarehe hapana."

"Kwa hiyo bosi wangu kukimbia unakujua, siku ya harusi yako huijui." Alivuta pumzi. "Nimechoka."

"Hata mimi nimechoka."

Fotis akakata simu.

Argyro alimfuata Kalamaras ofisini. "Mheshimiwa, siku hiyo naolewa. Kumbaro ni wewe."

Kalamaras alijipiga paji la uso. Alikuwa amesahau kweli. Hila Argyro angeivumilia, ameizoea. Kusahauliwa kulimuuma mpaka machozi yakamtoka.

"Itangoja, binti yangu. Nchi kwanza."

Jumapili ya kura Athens huhama. Watu wameandikishwa vijijini kwa wazazi wao, na barabara zinajaa magari tangu Ijumaa. Fotis alipaswa kuwa Kozani, Argyro Krete. Ndugu wa pande zote walikwishaambiwa harusi hakuna. Lakini jioni Argyro alijikuta Kypseli, na gauni la kijani na raba zile zile, kwa kuwa hakujua pengine pa kukaa. Fotis alikuwa kwenye ngazi za kanisa, shati jeupe halijapigwa pasi, tai mfukoni.

"Hukwenda kupiga kura?" Argyro aliuliza.

"Nilifika stendi, nikarudi. Wewe?"

"Meli niliiacha makusudi." Akaketi kando yake. "Kweli nilipaswa kukuuliza kuhusu kumbaro. Nisamehe."

"Na mimi nilipaswa kukusikiliza kabla ya kukata simu. Nilikukosea, mpenzi."

"Padri yupo?"

"Yupo ndani. Anasema hakuna aliyemwambia asije." Fotis akacheka kwa uchovu. "Tatizo ni kumbaro."

Bi Tasoula, mzaliwa wa Kypseli, alikuwa anatoka kupiga kura katika shule ya ng'ambo ya barabara. Fotis alivuka mbio.

"Kama unataka kujua nimempa nani, wote nimewachoka," Bi Tasoula alitangulia.

"Mama, njoo utuvishe mataji."

"Na viatu hivi?" Lakini alikuwa ameshaanza kuvuka.

Walipotoka kanisani vituo vilikuwa vimefungwa na makadirio ya matokeo yameshatangazwa. Simu ya Argyro ililia. Kalamaras.

"Binti yangu, hakuna aliyepata viti vya kutosha. Nahitaji viti vya Vrettou. Yule kijana wako, bado mnaongea?"

Argyro alimtazama Fotis, nywele zimejaa mchele wa harusi, akimshika mkono Bi Tasoula kwenye ngazi.

"Tunaongea, Mheshimiwa," alisema. "Ila kumbaro tumeshapata."