Kivuli cha Mkuyu Uliokatwa

Nepi za mtoto ziligoma kukauka. Jua la Karatu lilikuwa kali na vumbi jekundu linaunguza miguu, lakini kamba ya nguo ilikuwa kivulini. Kivuli hicho kilikuwa cha mkuyu ambao Zablon aliukata na kuuchoma mkaa ili apate pa kuegesha gari lake la watalii.

"Ni wingu hilo," alisema Zablon, wala hakuangalia juu. Hakukuwa na wingu lolote. Mwanamume mbishi kupita kiasi, yule.

Kila mchana kivuli kilisogea. Kilipanda kibarazani, kikaingia sebuleni, na harufu ya utomvu mbichi ikaingia nacho, kisha majani yakaanza kuchakarika darini ilhali nje hakukuwa na upepo wa kutikisa hata pazia, hadi Verediana, mke wa Zablon, akawa anamhamisha mwanawe Doreen chumba hadi chumba, akilia, kwa maana kila alipomlaza, kivuli kilimfuata.

Kwao Marangu, mkosaji huomba radhi kwa jani la sale. Basi akapanda masale kuuzunguka uwanja wote, akapiga magoti, akaomba msamaha. Siku hiyohiyo kivuli kilifika kitandani kwa Doreen.

Nalotuesha, mama wa Kimasai aliyewaletea maziwa, alisimama getini, akakataa kuingia.

"Mama Doreen, nani amepanda hii?" alinong'ona.

"Mimi, yeyo. Namwomba radhi aliyekaa mkuyuni."

"Sisi tulikuwa tunafunga nyasi kwa hiyo oreteti, hiyo mkuyu yenu, tunaomba watoto. Anapenda sana watoto, huyo. Lakini hii sale, si ndiyo nyinyi Wachaga mnawekea mpaka?"

Verediana aligeuka, akayatazama masale yaliyouzunguka uwanja.

"Nyumba yake mmekata. Angehama tu. Sasa umemfungia ndani na mtoto."

Waliyang'oa masale yote kwa mikono, kucha zikitoka damu. Jua likarudi uani, harufu ikakatika, nepi zikakauka.

"Si nilisema ni wingu?" Zablon akacheka.

Verediana alimbeba Doreen. Akatoka naye juani, akimbusu kwa furaha. Kisha akatazama ukutani. Kivuli chake kilikuwa pale, mikono imekunjwa kama yake, lakini kilichopakatwa mikononi kilikuwa tawi la mkuyu, majani yakitikisika, ilhali Doreen ametulia tuli kifuani pake, ananuka utomvu.