Kiti cha Mgeni

Kiti kilikuwa na joto.

Tharsisi alikishika kwa bahati tu, akiinama kuokota funguo zilizomponyoka, akaondoa mkono haraka. Kilikuwa kiti cha mninga chenye kitambaa cheupe cha kufuma mgongoni, kiti cha mgeni, na tangu kinunuliwe hakuna mgeni aliyewahi kukikalia. Yeye mwenyewe alitumia kigoda. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, mlango ulikuwa na kufuli tangu asubuhi, dirisha lina nondo, na mvua ya Machi ilikuwa ikiunyeshea mtaa wa Murubona tangu alfajiri. Alijiambia ni paka wa Bi Tunu, mama mwenye nyumba, akala ugali wake akarudi kazini.

Tharsisi Havyarimana alikuwa mtu wa herufi. Kasulu ina walevi wake na wapenda mpira wake, na ilikuwa na huyu mmoja aliyeweza kusimama dukani akiukodolea macho mfuko wa unga mpaka muuzaji akadhani ana neno naye, kumbe anatazama tu jinsi mguu wa K ulivyochorwa. Makaratasi ya sabuni, viberiti, kalenda za mwaka juzi, vyote alivikata akavitunza kwenye kopo la biskuti. Mwaka ule wa 1999 aliajiriwa na shirika moja lililokuwa likiwatafuta watu waliopotezana kwenye vita, atengeneze kurasa za intaneti zenye majina yao. Intaneti yenyewe Kasulu haikuwapo. Alizisuka kurasa kwa kufuata kitabu, jenereta likinguruma nje, akazihifadhi kwenye disketi, disketi ikashuka Kigoma, ikapanda ndege, na huko Ulaya watu asiowajua wakaziweka hewani. Kazi yake mwenyewe hakuwahi kuiona ilivyotokea huko.

Jina la kwanza kwenye kurasa zile alikuwa ameliweka kwa mkono wake: Claudine Ndayikunda, dada yake mdogo. Baba yao alikuwa Mrundi wa Ruyigi, na kwao kila mtoto hupewa jina lake peke yake; mama alikuwa Muha wa Kasulu. Mama alipokufa, Tharsisi aliletwa kwa wajomba asome, Claudine akabaki na baba ng'ambo ya mpaka, wakawa wanaonana likizo tu. Vita vilipolipuka mwaka 1993 baba aliuawa, na binti wa miaka kumi na miwili akapotea kabisa. Wajomba nao wakafa mmoja baada ya mwingine. Tharsisi alikuwa mpweke, na sijui namna nyingine ya kulisema jambo hilo.

Sasa, fundi wa herufi huwa na mstari wake wa kujaribia. Akipata aina mpya ya herufi, huandika maneno yaleyale ili aone zinavyokaa pamoja. Mwingine angeandika upuuzi wowote. Tharsisi aliandika: *Karibu ndani, nilikuwa nakungoja.* Ukimuuliza, angekwambia ameuchagua kwa sababu ya K kubwa na mkia wa g. Uongo mtupu. Aliuandika kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwambia. Aliuandika kwa herufi nene na nyembamba, zenye vijiguu na zisizo navyo, akazibandika karatasi hizo sebuleni mwake kutoka sakafuni hadi darini, na ule mzuri kupita yote akauweka juu kabisa ya kurasa za waliopotea, ukaondoka na disketi.

Baada ya siku ile ya kiti, ilikuja harufu. Ilikuwa ya karafuu na udongo uliolowa, na ilimngoja mchana tu, saa zile ambazo watu wa pwani wanasema si za kutembeatembea. Kisha ikaja sauti. Alikuwa mlangoni anazungusha ufunguo aliposikia mtu ndani akisoma polepole, akikwama kama mtoto wa darasa la kwanza: ka-ri-bu nda-ni. Aliingia. Hapakuwa na mtu, ila kiti kilikuwa kimegeuzwa kikautazama ukuta wa karatasi.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Tharsisi alisimama pale akasema kwa sauti ndogo, nusu akicheka, "Basi si umeshakaribishwa? Kaa."

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu mzito akikikalia.

"Nimekaa," ikasema sauti. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke.

Na alifurahi. Hilo ndilo linalotisha kuliko yote, alifurahi. Alianza kununua maandazi mawili badala ya moja. La kwake alilila. La pili, alilolitoa motomoto kwa mama ntilie dakika kumi nyuma, alilikuta limekauka na kuota ukungu. Alieleza habari za kazini, akasikilizwa. Bi Tunu alimsikia akiongea kupitia ukutani, akadhani kijana amepata mchumba, akamshukuru Mungu.

Mwezi wa nne ukaanza, na Ildefonsi, dereva wa shirika, akaingia ofisini bila kubisha.

"We Tharsisi, kaa chini kwanza."

"Kuna nini?"

"Yupo kambini Mtabila. Claudine wako. Nimemwona kwa macho yangu, msichana mrefu, ana kovu hapa kwenye nyusi."

"Kovu la mchi," alisema Tharsisi, akalia palepale mbele ya kompyuta.

Ildefonsi alimweleza utaratibu. Kulikuwa na watu wanaohamishwa kutoka Mtabila kupelekwa kambi ya Nduta, kule Kibondo, na lori lao lazima lipite Kasulu. Claudine angepewa kibali cha kushuka, mradi ndugu yake ampokee mwenyewe. Asipopokewa, aendelee na wenzake. Tharsisi alinunua godoro, shuka za maua na ndala za kike, akavibeba nyumbani kichwani kwenye mvua akiimba.

Kesho yake mchana alilikuta godoro limelowa chapachapa, wakati dari haivuji.

"Huyo atakaa wapi?" iliuliza sauti kitini.

"Ni dada yangu."

"Uliniandikia mimi. Akilala humu nitapanda kichwani kwake, na hutamsikia tena yeye, utanisikia mimi."

Tharsisi alitoka kinyumenyume, akavuka ua pekupeku, akamwangukia Bi Tunu miguuni na kumweleza kila kitu, na Bi Tunu, ambaye watu wake walitoka Tanga na mambo haya hayakuwa mageni kwake, alijitanda khanga akaenda kumwita Maalim Hashimu dukani kwake.

Maalim alisimama sebuleni akitazama kuta.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi, maalim. Ni ya kujaribia herufi tu."

"Ya kujaribia!" Maalim alitikisa kichwa. "Mwanangu, sisi hata paka hatumwambii karibu mara zote hizi. Wenzetu hawa hawaingii penye watu bila kuitwa, na wewe umempigia yowe. Choma zote. Hata moja isibaki, popote ulipoiandika. Mwaliko ukibaki, naye kabaki."

Walizichoma uani siku ileile. Tharsisi akaenda ofisini akafuta kila faili kwenye kompyuta. Aliporudi, Maalim aliuliza, "Zimekwisha?" Alikumbuka ile disketi iliyopanda ndege. Angeielezaje? Na kule si nyumbani kwake, alijiambia, kule hakuna mlango wala kiti. "Zimekwisha," alisema.

Maalim akafukiza ubani na uvumba, akasoma, akanyunyiza kwenye kona zote maji ya kombe, yaliyooshewa aya zilizoandikwa sahanini, mpaka harufu ya karafuu ikatoweka. Kisha akanong'ona: "Siku saba, tangu adhuhuri hadi alasiri, ujifungie ndani. Atakuja nje apige hodi. Atatumia sauti za watu unaowajua, maana hana nyingine ila anazozichuma kichwani mwako. Usiitikie. Ukisema karibu mara moja tu, mimi siwezi tena."

"Na dada yangu?"

"Aje baada ya siku saba."

Tharsisi alimpa Ildefonsi ujumbe aupeleke Mtabila, Claudine apande lori la wiki inayofuata. Asichojua ni kwamba jioni ileile Ildefonsi alipewa gari jingine, safari ya Kigoma, na ujumbe ukabaki mfukoni mwake.

Siku ya kwanza alipiga hodi Bi Tunu, naye Tharsisi kupitia dirishani alikuwa akimwona Bi Tunu huyohuyo anachambua mchele ng'ambo ya ua. Siku ya tatu alikuwa Ildefonsi. Siku ya tano alikuwa mama yake, aliyezikwa mwaka 1988, akilalamika kwa Kiha kwamba mvua inampiga, na Tharsisi aliuma shati lake akatokwa na machozi asiitikie. Sauti zile zote zilikuwa karibu mno, karibu kuliko unene wa mlango.

Siku ya sita, mvua ikiwa imekatika kidogo, alisikia lori likisimama barabarani, hatua zikija uani, kisha kigugumizi cha mtu asiye na uhakika wa nyumba.

"Hodi humu. Hodi. Ni kwa Tharsisi hapa?"

Alijikunyata kwenye kigoda.

"*Musaza wanje*, kaka yangu, ni mimi, Claudine. Dereva amesema dakika tano tu. Wameniambia uko ndani. Unaumwa?"

Alijiziba masikio, na hata hivyo aliisikia sauti ile, nzito kidogo, ya mwanamke mzima mwenye mafua ya safari, na akiwa anajilazimisha kukumbuka maneno ya Maalim, sauti za watu unaowajua, sauti za watu unaowajua, ndipo alipong'amua: sauti hii hakuijua. Aliyemjua alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye sauti kama filimbi, na huyu wa mlangoni hakuwamo kichwani mwake hata chembe, kwa hiyo hakuchumwa humo, kwa hiyo ni yeye, ni Claudine, amekuja, na Tharsisi akaruka akalifikia komeo akafungua kinywa kumwita.

Hakikutoka kitu.

Nyuma yake kiti kililia, naye akaikumbuka ile disketi. Harufu ya karafuu ikajaa chumba. Na kutoka kitini, kwa sauti ya Tharsisi mwenyewe, tulivu, ile anayoijua kila mtu Murubona, ikasemwa: "Nenda zako. Mimi sina dada."

"Miaka sita," akasema Claudine taratibu. "Haya. Nimekusikia. Nitawaambia wafute jina langu kwenye hiyo orodha yako."

Hatua zikaondoka. Komeo lilikuwa limevimba kwa unyevu, na vidole vyake vilikuwa vizito, na kila alipolisukuma lilirudi, na aliposhindana nalo hadi ukucha ukang'oka alitokeza uani akamkuta Bi Tunu amesimama na ndoo mkononi.

"Tharsisi, umemwambia nini mtoto wa watu? Ametoka hapa analia!"

Alijishika koo, akatikisa kichwa.

"Mwacheni aende, Bi Tunu," ikajibu sauti yake kutoka ndani ya nyumba.

Bi Tunu alimtazama Tharsisi midomo, akautazama mlango, ndoo ikamponyoka.

Tharsisi alikimbia. Alipita kwenye migomba, akatumbukia mtaroni, akapanda barabarani, lori likiwa ndiyo kwanza linaondoka kuelekea Kibondo, watu wamebanana nyuma na vifurushi vyao, na miongoni mwao msichana mrefu mwenye kovu kwenye nyusi aliyegeuka akamwona na kumtambua. Alinyoosha mikono yote miwili. Aliita kwa nguvu zake zote, akaita tena, mishipa ya shingo ikamtoka, na kilichosikika ni injini peke yake.

Claudine alimtazama mtu yule aliyesimama matopeni, kinywa wazi, asiyemwambia hata neno moja. Kisha akavuta kitenge, akajifunika uso.