Chupa za Mwaka Tisini na Sita

Mzee Achiel Terlinck alikuwa amelala chali chini ya ngazi za ghala lake, kisogo kimegonga ukingo wa jiwe, kiatu kimoja kimemvuka. Damu ilikwisha kuganda. Inspekta Veerle Daneels alichuchumaa kumtazama, magoti yakamlia, akajuta kuchuchumaa.

"Tumwondoe, afande?" Konstebo Younes aliuliza kutoka juu.

"Picha kwanza. Na usikanyage kitu. Watu wa maabara watachelewa, barabara ndiyo kwanza inafunguliwa."

Ilikuwa Jumapili, saa tisa alasiri. Mashindano ya baiskeli yalikuwa yamepita Ossebeke mchana huo na kijiji kizima kilikuwa bado kando ya barabara, kinakula chipsi na kulewa. Tangu saa tano mpaka saa nane na nusu hakuna gari lililoruhusiwa kuingia wala kutoka. Veerle mwenyewe alikuwa ameegesha mbali, akaja kwa miguu akiwa na viatu vipya.

Ghala lilikuwa la baridi na lilinuka uchachu. Pande zote zilikuwa chupa, maelfu, zimelazwa kwenye rafu, hazina karatasi wala jina, kila moja ina mstari mmoja wa chokaa upande wa juu. Rafu moja tu ilikuwa tupu, ile yenye kibao cha 1996. Vumbi lilionyesha nafasi thelathini. Chupa nne tupu zilisimama kando ya tundu la maji machafu, na makreti yaliyopangwa pembeni yalikuwa na vumbi lao lote.

"Wizi na mauaji," alisema Younes.

"Huenda."

Miaka ishirini na sita alikuwa akilitamka neno hilo, na sasa lilimchosha kabla halijatoka mdomoni.

Aliyemkuta maiti ni binti wa marehemu, Reinhilde, mwanamke wa miaka hamsini mwenye mikono iliyopasukapasuka kwa maji baridi. Alikaa jikoni, hajalia.

"Pole, Bi Reinhilde. Ulikuwa wapi?"

"Barabarani, natazama baiskeli kama wenzangu."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu walipofunga njia. Nilirudi saa nane na nusu, nikaona mlango wa ghala uko wazi."

"Baba hakwenda kutazama?"

"Baba na baiskeli wapi na wapi."

"Zile chupa za tisini na sita zina thamani gani?"

"Hapa kwetu, euro tisa. Kama nyingine zote."

"Na huko nje?"

Reinhilde aliitazama meza. "Nasikia mia sita."

"Zote?"

"Moja."

Younes aliacha kuandika. "Mimi sinywi," alisema, "lakini hiyo bia au mkojo wa malaika?"

Mshukiwa hakuhitaji kutafutwa. Kijiji kilimleta mkononi. Muuza nyama wa ng'ambo ya barabara alisimulia bila kuulizwa. Kwa Terlinck, alisema, chupa haivuki mlango ikiwa na kizibo chake. Unalipa euro tisa, mzee anakufungulia mezani, kizibo anatia mfukoni, unakunywa hapo hapo. Yote hayo kuwazuia walanguzi. Basi Jumamosi alikuja mlanguzi kutoka Ghent, kijana mmoja anaitwa Kobe Drieghe, akataka kuondoka na chupa nzima. Mzee akamnyang'anya, akaizibua mbele ya macho yake.

"Kijana akasemaje?"

"Akasema, 'Jifungulie tu, babu. Za tisini na sita ninazo sita tayari, na hukuniuzia wewe.' Mzee akawa mweupe kama huo ukuta. Na leo saa sita, watu wako kwenye baiskeli, nikamwona huyo huyo kijana anazungukazunguka kwenye geti la Terlinck."

Saa kumi na moja jioni Kobe alikuwa mbaroni. Chupa sita zilikutwa kwenye buti ya gari lake. Sheria ilimpa Veerle saa arobaini na nane: Jumanne saa kumi na moja, ama hakimu wa uchunguzi amfungulie kijana mashtaka ya mauaji, ama mlango ufunguliwe aende zake. Hakimu alikwisha kusema kwa simu kwamba kwake yeye kesi imekamilika.

Jumatatu walimhoji mara tatu. Jumanne asubuhi wakamhoji tena. Kobe alikuwa na miaka ishirini na saba na macho ya mtu ambaye hajalala.

"Rudia," alisema Veerle.

"Mama, nimerudia mpaka ulimi umeota sugu."

"Mimi pia nimesikia mpaka masikio yameota. Rudia."

"Alhamisi nimepata ujumbe kwenye simu. Mtu simjui, hana jina. Anauliza, 'Ya tisini na sita unanunua euro ngapi?' Mimi nikamwambia ukweli, kwa wateja wangu inafika mia sita. Akakaa kimya saa nzima. Halafu akaandika, 'Unasema kweli?' Nikasema kweli. Sanduku nililikuta nyuma ya kituo cha basi, nikaacha bahasha. Basi."

"Namba hiyo haipatikani."

"Najua haipatikani. Ndiyo maana niko hapa."

"Jumapili ulifuata nini getini?"

"Kuomba radhi. Na kuomba nyingine. Mlango ulikuwa umefungwa, nikaondoka. Gari langu lilikuwa ng'ambo ya vizuizi, kilomita mbili. Mama yangu ameniona kwenye televisheni, unajua? Shangazi zangu wote wameniona. Watu wanataka niwe mimi."

Kweli walitaka. Veerle mwenyewe angependa awe yeye, akalale.

Younes aliweka mezani picha za chupa sita. Zilikuwa zimesimama wima ndani ya buti, zinameta. Tatu hazikuwa na chokaa.

"Hizi mbona hazina mstari?" aliuliza Veerle.

"Nilizifuta. Zilikuwa chafu, mteja hapendi."

"Unajua ule mstari ni wa nini?"

"Si alama ya mwaka? Mimi zamani nilikuwa nauza raba, mama. Viatu. Bia nimeanza juzi tu."

Younes alimkodolea macho. Hata yeye asiyekunywa alilelewa bonde lile na alijua. Bia ile inakaa miaka, mashapo yanashuka na kulala ubavuni mwa chupa. Chokaa inapakwa upande wa juu, ili mtu akiigusa chupa airudishe vile vile ilivyolala. Inabebwa imelala, ndani ya kikapu cha chupa moja, na inamiminwa ikiwa imelala. Ukiisimamisha na kuitikisa umeivuruga.

Veerle alitoka nje kwenye korido, akaegemea ukuta.

"Afande, hajui kuiba huyu," alisema Younes.

"Aibe ishirini, Younes? Thelathini toa hizo sita, toa nne zilizomwagwa. Ishirini zimekwenda wapi? Njia imefungwa. Watu mia nne wamesimama mlangoni. Makreti hayajaguswa. Amezibeba kwa nini, kwa meno?"

"Basi hazikutoka."

Walitazamana. Hilo wangeliona Jumapili ile ile, na wote wawili walilijua. Hawakupanda ghorofani kwa sababu nyumba ilikuwa ya msiba, na kwa sababu walikuwa wamechoka.

Simu iliita wakiwa njiani. Alikuwa Dakta Pauwels wa uchunguzi wa maiti, ametoka chumba baridi wakati ule ule.

"Hakusukumwa kutoka juu," alisema daktari. "Alisukumwa kifuani akiwa amesimama, akaangukia jiwe. Mikono ina bia, viganja vyote viwili. Ni yeye aliyekuwa akizimwaga."

"Alikufa papo hapo?"

"Hapana. Damu ilivujia ndani polepole. Nusu saa, labda zaidi. Angepelekwa hospitali tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Veerle alikata simu na kwa muda akasahau kuendesha; gari la nyuma likapiga honi.

Reinhilde aliwafungulia mlango akiwa amevaa nguo nyeusi. Aliposikia neno ghorofani hakubisha. Alitangulia mwenyewe, akafungua chumba cha mwisho, kilichotazama kaskazini, kilichokuwa cha mama yake kabla hajafariki. Pazia limefungwa. Juu ya kitanda, kwenye mashuka meupe yaliyokunjwa mara mbili, chupa ishirini zililala safu kwa safu, na kila mstari wa chokaa ulitazama juu.

Younes alivua kofia, kisha akaonekana hajui kwa nini ameivua.

"Kobe alizisimamisha sita," alisema Veerle. "Wewe hata siku hiyo hukuweza kuzisimamisha."

"Mikono haijui namna nyingine," alisema Reinhilde. Akaketi kwenye kiti cha mama yake.

"Tuambie."

"Hii bia si ya baba."

"Ya nani?"

"Yangu. Ile baridi ya tisini na sita mgongo ulimlaza hospitali, miezi mitatu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nikashuka mwenyewe, nikaonja pipa moja moja, bia ya mwaka mmoja, ya miwili, ya mitatu, nikachanganya mwenyewe. Aliporudi akaionja. Unajua alisemaje?"

"Alisemaje?"

"Hakusema. Akaandika kibao, akapanga bei. Euro tisa. Miaka ishirini na minane watu wanatoka mpaka Japani kumsifia, na yeye anaitikia kwa kichwa. Nikimwambia, baba, hii tuipandishe bei, hii ni tofauti, ananiambia bia ni bia."

"Ukauza sita."

"Sikutaka zile pesa. Ziko kwenye droo hapo, hata bahasha sijafungua. Nilitaka mtu aniambie inafaa bei gani. Mtu asiyenijua." Alijifuta mikono kwenye gauni ingawa ilikuwa mikavu. "Yule kijana aliponiandikia mia sita, nilikaa jikoni nikalia mpaka nikachoka."

"Na huyo kijana ungemwacha afungwe maisha?"

"Nilijua mtakuja. Sijui. Siku ya kwanza nilijua mtakuja. Jana sikuwa na hakika, na nikanyamaza."

"Jumapili."

"Jumamosi kijana alimtolea siri pale mezani. Baba halali, anahesabu chupa. Jumapili njia imefungwa, nimetoka kutazama, nikarudi ndani kuchukua koti. Nikasikia vizibo. Nikashuka. Anazimwaga kwenye tundu. Amemaliza tatu, ameshika ya nne. Nikamwambia baba acha. Akasema, 'Afadhali zinywewe na panya kuliko kuuzwa.' Nikamwambia hizi ni zangu. Akasema, 'Humu hakuna chako.' Akaimimina yote huku ananitazama."

"Ukamsukuma."

"Mara moja tu. Kwa mikono miwili."

Veerle alimfanyia ishara Younes. Konstebo akatoka kwenye korido, na sauti yake ikasikika ikimwambia mtu wa mahabusu amrudishie Kobe Drieghe mkanda na simu yake, amwache aende. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini. Zilibaki saa nne na ushei.

Veerle angeweza kuishia hapo. Kukiri kulikuwepo, sababu ilikuwepo, chupa zilikuwa kitandani. Lakini taarifa ya daktari ingesomwa mahakamani, na ni heri mtu aulizwe mara ya kwanza ndani ya chumba kidogo.

"Daktari anasema baba yako aliishi nusu saa na zaidi."

Reinhilde alizitazama chupa.

"Kikapu kinachukua chupa moja. Chupa ishirini, ngazi mbili, kupanda na kushuka. Simu iko jikoni, Bi Reinhilde. Umeipita mara arobaini."

"Niliona atainuka. Alikuwa macho. Nikasema nikimwacha hapo ataanza tena kuzimwaga, kwanza niziondoe. Nikimaliza nitamwinua, tutagombana, yataisha. Ndivyo tulivyoishi siku zote."

"Alikuwa anakuona?"

"Kila nikishuka ananitazama. Namruka miguu, napakia, napanda."

"Hakukuomba msaada?"

"Hakuomba."

"Hakusema neno lolote?"

Nje trekta lilipita, madirisha yakatetemeka, na Reinhilde akanyoosha mkono bila kufikiri, akaituliza chupa ya pembeni isibingirike. Aliuacha mkono pale.

"Alisema moja. Ilikuwa kama ya kumi hivi, nilikuwa nimeshachoka, naharakisha, kikapu kikagonga ukuta. Akasema, 'Taratibu, Reinhilde. Hiyo ni nzuri, utaiharibu.'"

Veerle aliitazama chupa iliyokuwa chini ya mkono huo.

"Miaka ishirini na minane," alisema Reinhilde. "Ndiyo mara ya kwanza kuiita nzuri."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikaenda taratibu."